Mbwa Aliyeoshwa Mara Saba

Juzi nilikwenda duka la dawa hapa Magomeni kumnunulia binti yangu dawa ya upele. Muuzaji alifungua kopo dogo ili anionyeshe rangi ya dawa yenyewe, nikanusa, na mate yakanijaa mdomoni. Ilibidi nitoke mbio nikateme mtaroni, wapita njia wakinitazama na bila shaka wakinihesabia mimba. Ilikuwa salfa. Aliyekulia huku kwetu kusini hahitaji kuelezwa: mikorosho ikianza kutoa maua, watu hupuliza salfa mashambani mpaka nguo zilizoanikwa uani zinanuka yai viza. Kuna wanaoisikia harufu ile wakakumbuka mavuno. Mimi nakumbuka sikio la mbwa likichuruzika usaha, na mpaka leo yai la kuchemsha halipiti kooni mwangu.

Niseme jambo moja mapema, kabla sijasahau kwa hasira. Siku hizi nasikia watu wakisema kwamba ukimpenda mgonjwa huoni kinyaa. Uongo mtupu. Wanaosema hivyo hawajauguza, au waliuguza kwa kutuma watu. Mimi nimelelewa na mwanamke aliyeuguza kwa mikono yake, na alikuwa akitapika.

Mwanamke huyo alikuwa bibi yangu mzaa mama, Bi Somoe. Mama alikuwa ameolewa Masasi, nami niliachwa kwa bibi, Likombe, nisome na nimchotee maji. Babu alikuwa ameshafariki. Alituachia nyumba, shamba la mikorosho na mihogo lililoanzia nyuma ya choo, na mbwa mmoja wa rangi ya udongo. Babu alimwita Watasema, kwa sababu siku aliyomleta watu walisema. Sisi ni Waislamu, na kwetu mbwa hafugwi kwa mapenzi. Anaruhusiwa shambani kwa ajili ya ulinzi, basi. Bibi alilishika hilo barabara. Watasema hakuvuka ua wa makuti, alikula kwenye sufuria bovu lililokaa chini ya mkorosho wa mwisho, na hakuna aliyemgusa.

Lakini nguruwe pori walimjua. Na majirani walimjua. Mihogo ikikomaa, Bi Hadija wa nyumba ya pili alikuwa akija na sauti iliyopakwa asali. "Bi Somoe, shoga yangu, niazime mbwa wako, nguruwe watanimaliza." Bibi alikuwa akimwazima, na Watasema alilala shambani kwa Bi Hadija akilinda mihogo ya Bi Hadija. Miaka yote hiyo sikusikia neno najisi likitoka kinywani mwa yule mama.

Ugonjwa ulianzia kwenye macho. Manyoya yalinyonyoka kuzunguka jicho hili na lile, akawa kama mzee aliyevaa miwani, tukamcheka. Kisha yakanyonyoka mdomoni, shingoni, miguuni, na ngozi iliyobaki chini ikawa nene, ya kijivu, yenye mikunjo, na kwenye kila mkunjo kulikuwa na ufa, na kwenye kila ufa kulikuwa na maji ya njano. Alinuka dagaa walionyeshewa mvua wakafungiwa guniani. Alipojikuna, magamba yalidondoka chini, na kuku wetu wakaja mbio kuyadonoa. Hiyo ndiyo sababu ya pili ya mimi na mayai.

Bibi alimwita bwana mifugo. Yule bwana alikuja na pikipiki, akasimama mbali, akaziba pua kwa kola ya shati.

"Mama, nisikudanganye," alisema. "Huu ugonjwa haumuachi. Utamtibu atapata nafuu, halafu utarudi, utamtibu tena, hivyo hivyo mpaka afe. Au nimchome sindano sasa hivi apumzike."

"Wewe baba," bibi akamwambia, "ukipata kisukari, nikuchome sindano upumzike?"

Bwana mifugo alicheka ndani ya kola yake. Akamwelekeza bibi achemshe majani ya mwarobaini, amwoshe mbwa kwa maji yake, amkaushe, kisha ampake salfa kidogo iliyochanganywa na mafuta ya nazi. Salfa ilikuwepo, nusu mfuko, iliyobaki baada ya kupulizia mikorosho. Mafuta ya nazi bibi alikuwa akiyakamua mwenyewe kwa ajili ya nywele zetu. Tangu siku hiyo nywele zangu zilikauka, na mbwa akang'aa.

Sasa sikilizeni namna alivyokuwa akimtibu. Alivaa khanga kuukuu aliyoitenga kwa kazi hiyo, akajifunga mifuko ya plastiki mikononi kwa vipande vya kamba, akajitanda ushungi puani, akaenda chini ya mkorosho wa mwisho akiwa tayari anatukana.

"Njoo hapa, shetani we. Sogea! Lione linavyonuka. Mungu anisamehe, choo cha sokoni kina nafuu. Nipe sikio. Lingine, mwana haramu we! Tulia nikukamue."

Akalikamua. Kilichotoka sitakieleza, kwa sababu huenda mnasoma baada ya kula. Bibi alikuwa akigeuka pembeni, akiinama nyuma ya mti, akitapika, akipangusa mdomo kwa bega, kisha akirudi kwenye sikio lile lile. Watasema alilia kwa sauti nyembamba. Mimi nilisimama mbali na kata ya maji, nikiwachukia wote wawili.

Kazi yangu ilikuwa kumnawisha bibi baadaye. Nilikwenda kwenye kichuguu, nikabomoa udongo safi, nikauponda. Maji ya kwanza bibi alinawa kwa udongo ule, akisugua hadi kwenye viwiko, halafu nikammiminia tena na tena huku nikihesabu kwa sauti mpaka saba. Ndivyo tulivyofundishwa: mate na majimaji ya mbwa hayaondoki kwa sabuni. Bibi hakuruka hata mara moja, hata siku ambazo maji tuliyafuata mbali. Alikagua kucha zake juani, moja moja, kisha akaniambia, "Haya, nke mwenzangu, tukapike." Hivyo ndivyo alivyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu, kwamba tuliolewa na babu mmoja.

Mimi niliamini kabisa kwamba bibi anamchukia yule mbwa. Sikuwahi kumsikia mtu akimtukana kiumbe kiasi kile. Nilidhani ile dawa ni adhabu, kwamba anamlipizia kwa kuugua. Siku moja nikamuuliza kwa nini asimwache tu afe.

"Mihogo uliyokula umri wako wote, nani kailinda?" akaniuliza. "Kazi kaifanya. Ntu akufanyie kazi akiwa nzima, akioza unamtupa?"

Hilo nililisikia kama deni, na niliona bibi analilipa kwa uchungu.

Bibi alikuwa mpishi wa shughuli. Hapakuwa na arusi wala arobaini Likombe ambayo pilau lake halikupikwa na Bi Somoe. Mwiko wake, mrefu kuliko mimi, ulining'inia ukutani chumbani juu ya kitanda. Nyumbani alikuwa mjane tu, mtu mwenye mjukuu wa kuazima na paa linalovuja. Lakini mbele ya sufuria la shughuli wanawake walimsogelea kwa adabu, wakamuuliza chumvi imetosha, na alipotikisa kichwa walikimbia kuleta nyingine. Mbali na mwiko ule hakuwa na kitu kingine cha kumpa heshima mtaani.

Watasema alipoanza kupakwa dawa, wanawake wakaanza kumpunguza bibi jikoni. Kwanza waliambizana kwa upole kwamba bibi amechoka, wamwache apumzike. Halafu kwenye arobaini moja nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya choo najisaidia, nikamwona mwanamke mmoja akija na sahani ya wali aliopakua bibi, akaumwaga kwenye majani, akajifuta vidole kwenye khanga, akarudi akitabasamu. Nilibaki pale pale nikitazama inzi wakiusogelea ule wali. Nimeona usaha mwingi maishani, lakini kile kitabasamu ndicho ninachokiota.

Kisha binti wa Bi Hadija akachumbiwa, muoaji akiwa mtu wa Msimbati. Bi Hadija alikuja kwetu na wanawake wawili, wakakaa mkekani. Bibi aliwaletea maji. Kila mmoja alipokea glasi, akaiweka chini, hakunywa.

"Bi Somoe, arusi ni yako, mtoto ni wako," Bi Hadija alianza. "Wageni wanatoka Msimbati, na unawajua kwa maneno. Tunakutaka wewe jikoni. Lakini yule mdudu aondoke. Kaka yangu atamaliza, wewe huna haja hata ya kuona."

"Hadija, nkono uloosha mara saba na udongo umetoharika," bibi akasema. "Au nyie mmesomeshwa msahafu mwingine?"

"Dini ni dini, dada. Na kinyaa nacho ni kinyaa."

Bibi aliziangalia zile glasi tatu zilizojaa. "Nipeni siku mbili," akasema.

Walipoondoka, aliushusha mwiko ukutani, akaufuta vumbi, akaupaka mafuta ya nazi kutoka kwenye chupa ya mbwa. Alikaa nao magotini mpaka magharibi. Mimi nikajua jibu. Nani angemchagua mbwa anayemtapisha? Watasema alikuwa amekwisha.

Sikumpenda Watasema, nisijifanye. Lakini nilishawahi kumsikia mbwa akipigwa rungu na kaka yake Bi Hadija, na mlio ule ulinikaa tumboni. Na zaidi nilimtaka bibi arudi kwenye sufuria lake, kwa ajili yake na kwa ajili ya ukoko niliokuwa napewa mimi, mjukuu wa mpishi. Nikafikiri usiku kucha kama watoto wanavyofikiri, na kulipokucha nikawa nimepata. Kwenye chuo cha Kurani mwalimu alitufundisha kwamba chombo akikilamba mbwa, kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kinakuwa tohara. Bibi alifanya hivyo kwa mikono yake, ikawa tohara. Kama inafaa kwa sufuria, na inafaa kwa mikono, kwa nini isifae kwa mbwa mwenyewe? Nilishangaa watu wazima wote wa Likombe hawajalifikiria hilo. Niliwahurumia.

Siku ya pili bibi alikwenda msibani Mikindani kwa dada yake. Nikachota maji, nikabomoa kichuguu, nikamfuata Watasema chini ya mkorosho. Mifuko ya plastiki nilishindwa kujifunga mwenyewe, mkono mmoja haufungi mwingine. Nikamshika hivyo hivyo.

Ngozi yake ilikuwa ya moto. Hilo sikulitegemea. Niliposugua udongo, magamba yalitoka na kuingia chini ya kucha zangu, laini kama ukoko uliolowa, na harufu ikanipanda mpaka machoni. Nikatapika maandazi ya asubuhi. Watasema akayala. Nikalia kwa kinyaa, nikaendelea kuhesabu. Yeye alisimama akitetemeka, hakunguruma, na kwenye maji ya nne au ya tano akaniegemea mguuni kwa uzito wake wote, akafumba macho. Nilitamani kumsukuma. Nikamaliza mpaka saba, sikuongeza wala kupunguza, nikamfunga kamba shingoni, nikampeleka kwa Bi Hadija.

Uani kwa Bi Hadija wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakichagua mchele wa arusi. Mchele ulikuwa mwingi, mweupe, umetandazwa kila mahali. Nikapita mlangoni na mbwa wangu, nikasimama katikati, nikatangaza kwa sauti ya kusomea juzuu:

"Jamani, Watasema katoharika! Nimemwosha mara saba, na udongo!"

Naamini mpaka leo kwamba baadhi yao walikuwa wakilipima lile neno. Na hapo Watasema, aliyekuwa bado amelowa chapachapa, akajikung'uta.

Mbwa akijikung'uta huanzia kichwani na kuishia mkiani, na hakosi mtu. Udongo mwekundu, maji, magamba na kilichokuwamo masikioni viliruka vikatua kwenye mchele, kwenye ungo, kwenye nyuso. Mmoja alipanda juu ya kinu. Mwingine alijaribu kukimbia na ungo kichwani, akaanguka nao. Bi Hadija alilia, "Mchele wa mwanangu!" huku akijifuta mdomo, kwa sababu alikuwa ameuacha wazi. Kaka yake akatoka ndani, akanyakua mchi, akauinua.

Bibi alikuwa ameshuka barabarani akitokea Mikindani, akasikia mayowe, akaja na buibui lake la msibani. Alipita katikati ya wale wanawake, akajitia kati ya mchi na mbwa. Nilitegemea kibao. Badala yake alinyoosha mkono, mkono mtupu, usio na plastiki, akamshika Watasema shingoni penye kidonda.

"Mlitaka jibu," aliwaambia. "Ndo hili."

Kisha akamwinamia mbwa. "Twende, shetani we. Unanuka. Ushanitia aibu mbele ya watu, mwana haramu nkubwa."

Yalikuwa matusi yale yale ya kila siku. Lakini safari hii nilikuwa karibu, na niliona vidole vyake: vilikuwa vikimkuna taratibu nyuma ya lile sikio baya, mahali ambapo mwenyewe hafiki. Watasema alikuwa amefumba macho vile vile alivyoyafumba mguuni pangu. Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwa nimeelewa kitu.

Nyumbani aliniosha mimi kwanza, kwa udongo na kwa maji, akihesabu yeye. Akanikagua kucha. Alipofika kidole gumba akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini.

"Nke mwenzangu, chombo kinatoharika kwa sababu mbwa keshaondoka. Sasa we ulitaka kuntoa mbwa kwenye mbwa?"

Kisha akaacha kucheka, akautazama mwiko ukutani, na akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

Arusi ilipikwa na wengine. Sisi hatukualikwa. Ule mchele sijui waliutupa au waliuosha, na kwa ninavyowajua, watu wa Msimbati waliula. Tulikaa uani tukasikia harufu ya pilau linaloungua, bibi akanusa mara moja, akasema, "Moto mwingi," basi. Tangu hapo hakuitwa tena, hata kumenya vitunguu. Kwenye shughuli alikaa nyuma na wageni, mikono magotini, akiletewa sahani. Watasema aliishi misimu mingine ya korosho, akipata nafuu na kurudia, kama alivyosema bwana mifugo, na bibi akaendelea kumtukana na kumpaka. Mbwa alikufa wakati wa mabibo, mikorosho ikiwa na matunda. Bibi alimchimbia kaburi chini ya mkorosho wa mwisho, akimlaumu kwamba hata maiti yake ni nzito.

Haikuchukua muda Bi Hadija akaja na wanawake wake. Safari hii walileta kuku. Bibi aliwapa maji, na wakayanywa mpaka tone la mwisho, wakigeuza glasi ili tuone. Bi Hadija akasema yaliyopita si ndwele, kuna maulidi wiki ijayo, na jikoni hakuna mtu.

"Ntanisamehe," bibi akasema. "Sitoweza."

"Bado una hasira na sisi, Bi Somoe?"

"Hasira ziliisha siku ile ile," bibi akajibu, bila kupandisha sauti. "Nasikia kinyaa."

Akawarudishia kuku wao. Mwiko ulikaa ukutani mpaka mchwa wakaula, na bibi alikufa bila kupika shughuli nyingine.

Jana jioni nilimketisha binti yangu kwenye kigoda uani, nikafungua lile kopo la salfa, nililorudi dukani kulinunua. Vidonda vyake vimejaa katikati ya vidole na kiunoni, vingine vimetunga. Nikageuza uso pembeni, nikachota dawa. "Sogea hapa, shetani we," nikamwambia. "Unanuka! Tulia nikukamue." Maneno yalitoka yenyewe, na sauti haikuwa yangu.

Mtoto alinitazama, machozi yakimlengalenga. "Mama," akaniuliza, "unanichukia?"

Nilimeza mate, nikamwambia ageuke, bado mgongo.